Mwenye Futi Kamba Asigeuke Muuza Ubuyu



Mimi ni fundi cherehani hapa Tarime. Nashona magauni ya nikaha, shela na nguo za sendofu. Wateja wangu wanatoka mjini hapa, Sirari, Nyamongo, na wengine wanapanda gari kutoka Mugumu, wilaya ya Serengeti. Duka langu la pili ni simu. Kazi ikiisha naipiga picha, naiweka mtandaoni, naeleza lesi imeenda mita ngapi na mshono umechukua siku ngapi.

Miezi michache iliyopita shoga yangu akaniambia, "Nguo tupu hazina watazamaji. Waseme mastaa." Nikajaribu. Nikachambua gauni la harusi la msanii mmoja, na kwa siku moja nikapata watazamaji ambao sikuwahi kuwapata mwaka mzima. Maoni yakaanza kwenye kitambaa, yakahamia kwenye tumbo la bibi harusi, yakaishia kwa nani kalipa mahari. Nami, Mungu anisamehe, nikawa najibu huku nacheka.

Wiki ile ile akaja binti kupimwa. Namzungushia futi kamba kiunoni, akaniuliza taratibu, "Dada, na mimi utanisema?"

Usiku huo nikaifuta ile video.

Sisemi mwanamke wa mitindo asizungumzie burudani. Zamaradi Mketema tulimjua kwa habari za wasanii Clouds, na leo ana televisheni yake, Zamaradi TV. Hiyo ni kazi na ina heshima yake. Ali Kiba alipooa Mombasa, Aprili 2018, harusi ilirushwa mubashara na Azam TV. Aliyeonyesha mavazi na mapambo yake kwa nchi nzima ameturuhusu kuyatazama, na fundi akieleza mshono ulivyokaa anafundisha. Lakini mlango uliofunguliwa ni wa sebuleni, wa chumbani haujafunguliwa.

Tatizo ni kwamba kutoka sebuleni hadi chumbani ni hatua moja, na watazamaji wanakusukuma. Hapo ng'ambo ya mpaka, Edgar Obare alianza na video za maisha ya kawaida YouTube, akaja kuvuma kwa siri za watu maarufu Instagram. Mwaka 2020 akakamatwa na kushtakiwa kwa kuchapisha taarifa binafsi za mtu bila ridhaa yake. Na sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Kabla ya sheria zote hizo, Suratul Hujurat imeshatuamuru kuhakiki habari, ikatukataza kupelelezana, na kumsengenya mtu ikakufananisha na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa.

Wengine watasema mastaa wenyewe wanatafuta kiki. Huenda. Ila mama yake staa hakutafuta kiki, wala mtoto wake. Na ulimi ukishazoea, staa akikosekana humgeukia jirani. Huku kwetu Mara jambo hilo si la mzaha. Wapo mabinti waliokimbia ukeketaji wakapokelewa nyumba salama za Masanga na Mugumu. Picha moja ya binti wa namna hiyo, na maneno mawili ya utani kuhusu alikotoka, yanaweza kuwaonyesha njia wale anaowakimbia.

Fundi anajua mengi. Najua nani kaomba gauni lifunguliwe kiunoni wiki mbili kabla ya nikaha, na nani kalia mbele ya kioo. Ni kama somo wa mwali kule visiwani: anayoyasikia ndani yanabaki ndani. Daftari langu la vipimo ni amana, na mteja akiniona nawasema wengine ana haki ya kuliogopa.

Kwa hiyo nimejiwekea mpaka. Nguo nitaisema, iwe ya staa au ya nani: kitambaa, rangi, stara, bei niliyo na uhakika nayo. Mwili wa mtu, ndoa yake na mfuko wake, sisemi. Watazamaji wamepungua, sikatai. Yule binti alirudi kuchukua gauni lake, akaja na dada zake wawili.

Nawe bibi harusi, kabla hujatoa kianzio kwa fundi, mpambaji au mpiga picha, pitia ukurasa wake. Usitazame kazi zake peke yake, soma na anavyowasema wengine. Kisha mkubaliane mapema picha zipi zitatoka na zipi hazitatoka. Anavyomsema bibi harusi wa jana ndivyo atakavyokusema wewe kesho.

Allah atusitiri sote.