Kasuku wa Magendo na Wajibu wa Askari

Askari wa mpakani amezoea kupekua magunia ya kahawa na madumu ya petroli. Leo twataka kuzungumzia magendo yenye uhai: kasuku wa kijivu atokaye misitu ya Congo.

Mwaka 2022, kasuku zaidi ya 100 walikamatwa wilayani Kisoro. Sisi wa West Nile tusidhani kwamba hayo ni ya kusini peke yake. Vurra inapakana na Congo, Oraba na Sudan Kusini, na barabara ya Arua kwenda Nebbi yapita hapa Kuluva.

Wategaji humnasa kasuku kwa ulimbo, kisha humkata manyoya ya mbawa. Manyoya hayo hayaoti mpaka mashina yake yapukutike, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi. Kwa hiyo askari mwenye huruma anayefungua tundu na kumwachia ndege huyo porini, amemtupia paka na mwewe. Huruma hiyo haitoshi. Yafaa maofisa wanaopeleka vijana wao Kampala watenge nusu siku wazuru kituo cha wanyamapori cha Entebbe, kilichoanza mwaka 1952 kikiwa makao ya wanyama yatima. Mwenye kuona jinsi ndege aliyeumizwa anavyouguzwa hatauliza tena kwa nini tunahimiza haraka.

Maana kutoka Arua hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 500. Kasuku aliyerundikwa sandukuni, akingoja nyuma ya kituo cha polisi hadi mashtaka yaandikwe, huenda asifike. Watu wa Kuluva, walio na hospitali yao, wajua vema gharama ya kumchelewesha mgonjwa. Basi apewe maji na kivuli, apigwe picha za ushahidi, na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iarifiwe saa ileile. Anayemshika afunike pua na mdomo, kisha anawe mikono, kwani kasuku aweza kuambukiza mtu ugonjwa wa mapafu.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 yaruhusu hata kifungo cha maisha kwa makosa yahusuyo wanyama walio hatarini kutoweka, na kasuku wa kijivu ni miongoni mwao. Ndege huyo ni kielelezo cha mahakama. Hatuoni sababu yoyote ya kumkuta akining'inia barazani kwa mkubwa, hata awe na nyota ngapi begani.