Wabunge Wetu, Safari Hii Nendeni Dodoma na Miswada



Najua mwaka 2019 akili za wengi zilikuwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, Novemba 24. Ni sawa, na mimi nilikuwa huko huko. Lakini mwezi huo huo wabunge walikuwa wanarudi Dodoma, na kuna hesabu naomba tuipige pamoja. Bunge la 11 lilikuwa limebakiza mikutano mitatu: ule wa Novemba, ule wa mwanzoni mwa mwaka, halafu ule mrefu wa bajeti ulioanza Aprili. Baada ya hapo lilivunjwa na tukaingia Uchaguzi Mkuu wa 2020.

Kwenye kampeni tutapita nyumba kwa nyumba kuomba kura. Mama mmoja pale kwenye genge atatuuliza: "Wabunge wenu miaka mitano waliandika nini?" Sikilizeni vizuri, hajauliza walisema nini. Kusema wamesema, na klipu zimejaa kwenye simu zetu. Anauliza waliandika nini. Tutamjibu nini?

Sitaki mtu anielewe vibaya. Wabunge wetu wamepitia mambo mazito. Mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalikatwa, ikawa mwananchi anaona vipande tu vilivyochaguliwa. Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma Septemba 2017, na Juni 2019 akiwa bado nje kwa matibabu akavuliwa ubunge. Mwenyekiti Mbowe na Mheshimiwa Esther Matiko walikaa mahabusu kuanzia Novemba 2018 hadi Machi 2019 baada ya kufutiwa dhamana. Kwa hiyo anayesema wabunge wa upinzani wamelala, mwongo huyo.

Ila mapambano na utungaji wa sheria ni vitu viwili tofauti, na hicho cha pili tumekiacha kwa upande mmoja. Tunasubiri Serikali ilete muswada, tunaupinga, tunatoka nje, unapita. Mnakumbuka Juni 2019? Muswada mmoja wa marekebisho ya sheria mbalimbali uligusa sheria nane kwa mpigo: makampuni, asasi zisizo za kiserikali, takwimu, filamu na nyingine. Ulikuja kwa hati ya dharura na kabla mwezi haujaisha ukawa umeshapitishwa. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunakimbiza. Na anayekimbiza siku zote anaona mgongo wa mwenzake.

Mimi nasoma sheria, na kitu kinachonishangaza ni vijana wengi wa chama kutojua kwamba mbunge yeyote, awe wa CCM au wa kwetu, anaruhusiwa na Kanuni za Bunge kupeleka muswada wake mwenyewe. Unaitwa muswada binafsi. Hahitaji kuwa waziri wala kuomba ruhusa ya Ikulu. Anatoa taarifa kwa Katibu wa Bunge, muswada unafuata njia ya miswada mingine: kuchapishwa, kusomwa, kwenda kwenye kamati, wadau kuitwa, kujadiliwa, kupigiwa kura.

Kuna kizuizi kimoja kikubwa ambacho lazima tukijue, la sivyo tutaahidi watu vitu visivyowezekana. Ni ibara ya 99 ya Katiba. Inasema Bunge halitashughulikia baadhi ya mambo ya fedha mpaka Rais awe amependekeza kupitia kwa waziri. Mambo hayo ni kama kuweka kodi au kuipandisha, kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina, na kufuta au kupunguza deni linalodaiwa na Jamhuri. Ndo maana mbunge anayejinadi jimboni kwamba ataleta muswada wa kujenga hospitali kila kata, anawadanganya. Hapo mlango umefungwa.

Lakini milango iliyo wazi ni mingi. Mimi ningekuwa mbunge, ningeingia Dodoma na mambo matatu.

La kwanza ni umri wa ndoa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi. Kwa ambao hawakufuatilia: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, inasema mwanaume anaoa akiwa na miaka 18, msichana anaolewa akiwa na 15. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana wa chini ya miaka 18 anahitaji tu ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali haikurekebisha, ilikata rufaa. Sasa imeshindwa kwenye mahakama ya mwisho, na hakuna pengine pa kukimbilia.

Mtu atasema, basi si mahakama imeshamaliza? Hapana. Mahakama inatamka kwamba sheria ina kasoro na inatoa muda, lakini haiandiki sheria mpya. Kuandika ni kazi ya Bunge. Na muswada huu haugusi hata senti moja ya Hazina, kwa hiyo ibara ya 99 haina pa kuushika.

Ila uandikwe kwa akili. Ukibadilisha kifungu cha 13 na cha 17 peke yake unaacha tundu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama amekubali, isipokuwa kama ni mke wa huyo mwanaume na ana miaka 15 au zaidi. Yaani cheti cha ndoa ndiyo kinga. Tundu hilo nalo lizibwe humo humo. Vilevile tuache kudhani marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, yale ya kifungo cha miaka 30, yamemaliza kazi. Yale yanamlinda mwanafunzi. Binti aliyeacha shule darasa la saba kwa sababu nyumbani hakuna kitu hayamhusu, na huyo ndiye anayeolewa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba takribani wasichana 3 kati ya 10 wanaolewa kabla ya kufika miaka 18. Hao ni wadogo zetu, jamani.

La pili ni mikopo ya elimu ya juu. Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Kila siku tunaimba "rudisheni asilimia 8". Ni kweli, marekebisho ya 2016 yalipandisha makato ya mshahara mpaka asilimia 15, tena hata kwa kaka na dada zetu waliosaini mkataba wa asilimia 8. Mwenye mshahara wa 700,000 zamani angekatwa 56,000. Sasa anakatwa 105,000, juu kwa juu, kabla hajaona kodi ya nyumba wala nauli. Muswada wa kurudisha asilimia 8 unaandikika, kwa sababu haufuti deni la mtu, unabadilisha tu kasi ya kulilipa.

Lakini fanyeni hesabu. Deni likiwa milioni 10, ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, hadi ilipoondolewa mwaka 2021, ilikuwa 600,000 kwa mwaka. Huyu mwenzetu wa mshahara wa 700,000 angekatwa asilimia 8, kwa mwaka mzima angelipa 672,000. Yaani angelipa miezi kumi na mbili, na deni lingepungua kwa 72,000 tu! Angestaafu anadaiwa. Kwa hiyo asilimia 8 bila kuondoa asilimia 6 ilikuwa ni kumpa mtu nafuu ya leo na kumfunga kamba ya kesho.

Na ile asilimia 6 ndiyo ilikuwa ngumu kisheria, maana Serikali ingeweza kusimama na kusema kuiondoa ni kupunguza deni, ibara ya 99 inakataza. Sawa. Basi hapo mbunge asingetumia muswada, angetumia hoja binafsi: Bunge lijadili na kuitaka Serikali yenyewe iondoe tozo hiyo pamoja na ile faini ya asilimia 10 iliyokuwepo kwa aliyechelewa kuanza kulipa, hata kama alichelewa kwa sababu hana kazi. Muswada mkono wa kulia, hoja mkono wa kushoto. Vyote vingetua mezani wiki moja.

La tatu ni dhamana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataja makosa ambayo hayana dhamana kabisa. Mauaji na uhaini yamo, na utakatishaji fedha nao umo. Matokeo yake tunayaona. Ukitaka mtu akae ndani bila hukumu, ongeza shtaka la utakatishaji. Hakimu hata akiona mshtakiwa ana familia, ana makazi, hana pa kukimbilia, mikono yake imefungwa. Mwandishi Erick Kabendera aliwekwa mahabusu mwishoni mwa Julai 2019, na wimbo ulikuwa ule ule: "upelelezi haujakamilika."

Sisemi kila mshtakiwa aachiwe. Muswada unaweza kusema kitu kidogo tu: kwa makosa ya kiuchumi, uamuzi wa dhamana uwe wa mahakama, na upande wa mashtaka ukitaka kuipinga ulete sababu. Na uwekwe ukomo wa upelelezi. Ukipita haujakamilika, mtu apate dhamana. Hili siyo la wanasiasa peke yao. Nendeni mahabusu yoyote muone ni vijana wa nani wamejaa mle.

Sasa najua jibu la wengi wenu: "Dada, CCM ni wengi, wataupiga chini. Ndiyooo moja tu, imeisha."

Inawezekana kabisa. Lakini muswada ulioshindwa siyo sawa na muswada ambao haukuandikwa. Kwanza, unaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Mbunge akiomba kura ya kuita majina na ikakubaliwa, tunajua kwa jina nani alikataa binti wa miaka 15 alindwe. Hiyo utaibandika kwenye kampeni jimbo kwa jimbo. Pili, kamati ikiita wadau, wanasheria, viongozi wa dini na wazazi wanazungumza, hoja inatoka kwenye vyama inaingia kwa wananchi. Na wabunge wanawake wa CCM tuwafuate bila aibu. Kwenye umri wa ndoa wapo wanaotuelewa. Tatu, muswada binafsi unaiamsha Serikali. John Mnyika aliandaa muswada binafsi wa Baraza la Vijana la Taifa. Baadaye Serikali ikaja na wa kwake, na sheria ikapita mwaka 2015. Haikuwa sadfa.

Tena hiyo ya baraza ina somo la pili. Sheria ipo tangu 2015, baraza lenyewe hadi 2019 hatukuwa tumeliona. Kwa hiyo miswada yetu isiishie kwenye maneno matamu. Iweke tarehe ya kuanza kutumika ndani yake, na iseme nani anawajibika asipotekeleza. Sheria inayomwachia waziri atangaze siku anayotaka ni kama mwaliko wa harusi usio na tarehe.

Muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo nilipendekeza hivi. Taarifa za miswada zitolewe mkutano ule wa Novemba. Kipaumbele kiwe umri wa ndoa, kwa sababu hukumu ilikuwa ya moto na haina gharama. Makato ya Bodi na dhamana vifuate mwanzoni mwa mwaka, kabla bajeti haijameza kila kitu. Kila muswada uwe na mbunge mmoja anayeubeba, tumjue kwa jina, tumuulize yeye.

Na sisi vijana tusikae pembeni kupiga makofi. Wanafunzi wa sheria ndani ya chama hiki tupo, Dar, Dodoma, Mwanza, Mzumbe, Iringa. Tunaweza kuandaa rasimu. Muswada wa umri wa ndoa hauzidi kurasa tatu, nimejaribu kuuandika mwenyewe. Kama wewe siyo wa sheria, mpigie mbunge wako, wa kuchaguliwa au wa viti maalum, umuulize swali moja tu: Mheshimiwa, safari hii unapeleka muswada gani?

Akikujibu "tutaongea sana", mwambie asante, lakini hukuuliza hilo.