Nitoze Kwa Mechi, Usinitoze Kwa Mwezi

Wadau, leo naongea na watengenezaji wa gemu za zamu, zile ndefu za kujenga miji na kupigana vita kuanzia enzi za mawe hadi enzi za roketi. Mnanitoza kwa mwezi. Mimi nacheza zamu moja kwa siku, dakika tano, nikiwa kwa foleni ya matatu ama nikingoja chai ichemke. Mwezi ukiisha nimecheza saa mbili unusu. Halafu nalipa sawa na jamaa anayekesha mbele ya kompyuta yake usiku kucha. Kwani mimi ndiye namlipia stima?

Wale hamchezi hizi gemu, ni rahisi kuelewa. Ni kama drafti ile ya vizibo vya soda pale steji ya boda: wewe unasongesha, mimi nasongesha. Tofauti ni urefu. Civilization VI kwa mwendo wake wa kawaida ina zamu 500, na kwa mwendo wa polepole kabisa zina fika 1,500. Sasa chukua marafiki ambao kila mtu ana kazi yake, kila mmoja anacheza akipata nafasi, na mnamaliza zamu moja kwa siku. Zamu 500 ni mwaka mmoja na miezi minne hivi. Ukinitoza kila mwezi, umeniuzia mechi moja mara kumi na sita. Hata ikiwa ni shilingi 300 tu kwa mwezi, hiyo ni 4,800. Kwa mechi moja, ambayo labda nitashindwa!

Na pesa si hata ndiyo shida kubwa. Mwaka jana tulikuwa watu sita kwa mechi moja ya simu. Jina la gemu silitaji. Kulikuwa na binamu yangu wa Eldoret, mwalimu mmoja, dada anayeuza nguo Gikomba, jirani yangu, mimi, na msee tunamwita Soja kwa sababu ni mlinzi wa usiku. Soja ndiye alikuwa fundi kutushinda wote. Anacheza saa tisa usiku akiwa getini, zamu yake moja, anaenda kuzunguka ua na tochi, anarudi kuona nani ameumia. Tulipoanza, gemu ilikuwa ya kulipia mara moja. Tukiwa zamu ya 140 wakabadilisha: kucheza na wengine sasa ni kwa malipo ya kila mwezi, na lazima kila mmoja wetu alipe. Mshahara wa Soja ulikuwa umechelewa. Hakulipa. Kompyuta ikachukua nafasi yake, na hiyo kompyuta ni jinga, ikampa binamu yangu miji mitatu kwa wiki moja. Mechi ikaharibika. Sisi watano tuliolipa pia hatukupata tulichokilipia, juu mechi ya watu sita ikipoteza mmoja katikati si ile mechi tena.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Gemu ya bunduki, mechi ni dakika ishirini. Ukikosa pesa mwezi huu unapumzika, mwezi ujao unarudi, hakuna kilichoharibika. Gemu ndefu ya zamu haina kupumzika. Miezi minne ya mipango, mikataba na usaliti iko kwa hiyo mechi, na wenye gemu wanajua huwezi kuiacha. Kwa hivyo ile pesa ya mwezi wa tano silipi kwa kufurahia. Nalipa kukomboa miezi minne yangu. Kwa Kiswahili changu mtu anayeshika kitu chako mpaka ulipe ana jina lingine, si mfanyabiashara.

Kuna wakati kutoza kidogo kidogo kulikuwa haki, na tusiwe watu wa kusahau. Mwaka 1970 Mmarekani Rick Loomis alianzisha Flying Buffalo, kampuni ya kuendesha gemu kwa njia ya posta. Ulikuwa unaandika amri zako kwa karatasi, unatuma barua, kampuni inapiga hesabu, unarudishiwa matokeo kwa barua, halafu unaanza kupanga zamu inayofuata. Wachezaji walilipa kwa kila zamu. Na ilikuwa sawa! Kila zamu ilikuwa na stempu, bahasha, mtu wa kuingiza amri, na muda wa kompyuta wakati kompyuta haikuwa kitu cha kila mtu. Gharama ilikuwa inakuja kwa zamu, bei ikaja kwa zamu. Mtu angeweza kuona shilingi yake imeenda wapi.

Leo stempu iko wapi? Zamu yangu ni faili dogo. Sava ya gemu ya bunduki inahesabu risasi na hatua za watu mara nyingi kwa kila sekunde, hiyo naelewa ni kazi. Sava ya gemu ya zamu inapokea faili, inaliweka, inamwambia anayefuata kwamba zamu yake imefika, inalala. Iko gemu inaitwa Unciv, ya simu za Android, inafuata nyayo za Civilization V, imetengenezwa na watu wa kujitolea na ni ya bure kabisa. Kwa muda mrefu mechi zake za watu wengi zilikuwa zinahifadhiwa tu kwa Dropbox. Dropbox, ile ya kuweka picha za harusi! Nao Lichess, wale wa chesi, wanakupa hadi siku kadhaa kwa kila hatua ukitaka, hawatozi chochote, hawana matangazo, wanaishi kwa michango. Kwa hivyo mtu akiniambia malipo ya mwezi ni ya sava, naomba risiti.

Najua mtakuja hapa chini kuniambia watengenezaji pia wanakula. Ndio, na mimi nataka wale. Sijasema gemu ziwe bure. Hizo za "bure" zenyewe ndizo mbaya zaidi, zile zinakuuzia jeshi la ziada katikati ya vita. Kwa mechi ya dakika kumi sawa, umenunua ushindi, furahi. Kwa mechi ya miezi sita, mtu anayenunua jeshi zamu ya 180 amefuta akili za watu wote waliopanga tangu zamu ya kwanza. Ni kama mnacheza bao, kete zinakaribia kuisha, mmoja anatoa mfuko wa kete mpya. Wazee wangeondoka barazani.

Na bei ya kununua mara moja, ile ya zamani, pia imeanza kuwa na mambo. Civilization VII ilitoka tarehe 11 Februari 2025 kwa dola 69.99. Piga na 129, ni kama shilingi 9,000. Waliolipa zaidi, wale wa matoleo ya dola 99.99 na 129.99, waliruhusiwa kuingia siku tano mapema. Halafu Machi, Uingereza ikaja kama nyongeza ya kulipia kando. Uingereza! Gemu ya historia ya dunia inatoka bila Uingereza, kisha unaambiwa ukimtaka mkoloni ongeza pesa. Sisi tuliletewa bure na hatukumwomba.

Kitu kingine kinaniuma kuhusu hiyo bei ni kwamba hapa hatuna yetu. Steam inaonyesha bei kwa randi kwa mtu wa Afrika Kusini. Mkenya anaonyeshwa dola, zile zile za mtu wa Texas. Ndani ya Civilization VI Zanzibar imo, na ukiwa rafiki yake mkubwa inakupa mdalasini na karafuu ambazo huwezi kupata kwingine kwa gemu hiyo. Karafuu zetu zimo, ila shilingi zetu ndizo hazitambuliki.

Tena angalia sheria ya kurudishiwa pesa. Steam inakurudishia ukiomba ndani ya siku 14 na uwe umecheza chini ya saa mbili. Kwa gemu nyingi hiyo ni haki nzuri, siwezi kukataa. Lakini saa mbili kwa Civilization ni nini? Bado unarusha mishale, una miji mitatu, hujakutana na nusu ya majirani. Ubovu wa gemu kama hii unaonekana mwishoni, kompyuta inapoanza kupanga jeshi kama mtu aliyelewa na kila zamu inachukua dakika nzima kuisha. Wakati huo umefika saa ya 15 na pesa imeenda. Saa ni kipimo cha gemu zingine. Sisi tupimieni kwa mechi: nimalize moja, ama nifike nusu yake, ndipo mseme nimeonja.

Sasa mtaniuliza nataka nini. Nataka kile kila kijana wa mtaa anakijua kutoka kwa PS. Unaingia, unalipa mechi, unacheza mechi. Mtaani kwetu ni shilingi 20. Hakuna mtu wa PS amewahi kuzima skrini dakika ya 70 ati mwezi umeisha.

Mwenye kuanzisha mechi alipe, tuseme shilingi 100 ama 150, na wote aliowaalika waingie. Mechi ikishaanza iko wazi mpaka iishe, ichukue wiki ama ichukue miaka miwili. Hilo la mwenyeji kulipa si ndoto yangu tu. Paradox, kampuni ya Sweden, kwenye Europa Universalis IV mwenyeji akiwa na nyongeza, wote walioingia mechi yake wanazitumia hata kama hawajazinunua. Hiyo gemu si ya zamu kamili, saa yake inakimbia na unaweza kuisimamisha, lakini kwa urefu haina mdogo. Na msidhani nawapamba, hao hao wameuza nyongeza nyingi mpaka mtu anachoka kuhesabu. Ila kwa hili la mwenyeji wako sawa, na linawafaa wao pia: mgeni akionja nyongeza kwa mechi ya mwenzake, kesho ataitaka yake.

Halafu kila mechi niliyolipia ihesabiwe kwa bei ya gemu nzima. Ikiwa gemu ni shilingi 2,000 na nimelipia mechi mara kadhaa mpaka zikafika 2,000, basi ni yangu, sitozwi tena. Hapa kwetu watu wamelipia taa za sola na simu kwa mtindo huo wa mdogo mdogo na wanauelewa kuliko mwanauchumi yeyote. Sharti langu ni moja, jumla isizidi bei ya anayelipa mara moja. Mdogo mdogo nyingi tunazozijua zinaishia kuwa ghali kuliko kaunta, na hiyo hapana.

Asiyetaka hesabu nyingi afanye kama The Battle of Polytopia ya mwaka 2016. Kwa simu unaipata bure ikiwa na makabila manne, ukinunua kabila moja zaidi unafunguliwa kucheza na wengine mtandaoni. Unalipa kitu kidogo, mara moja, mambo ya kila mwezi hakuna. Na bado wako sokoni.

Nyongeza zije, sina ugomvi nazo, mradi ziwe kitu kizima cha kubadilisha gemu na si nchi moja moja kama nyama ya kupimwa. Na ziwe za mechi zinazofuata. Mechi ninayoicheza saa hii imalizike kwa sheria na bei ilizoanza nazo, hata mkibadilisha kila kitu kingine huko ofisini. Tulikubaliana zamu ya kwanza.

Na nyinyi mnaotengeneza gemu hapa nyumbani, wekeni bei kwa shilingi, wekeni paybill, mwenyeji alipe. Ya kwanza ikitoka mechi nalipia mimi, na nafasi ya Soja msiiguse.