Kifaranga mzima hahitaji antibaiotiki

Niseme wazi, najua wapo watakaonuna. Ile desturi ya kuwapa vifaranga antibaiotiki tangu siku ya kwanza, hata kama wamefika wazima na wanachangamka, mimi naipinga. Na naipinga kwa ajili ya mfuko wako kwanza.

Angalia kinachotokea. Utumbo wa kifaranga una bakteria chungu nzima, E. koli wakiwemo. Unapomwaga oksitetrasaiklini kwenye maji, tena kwa kukadiria na kijiko, wale dhaifu wanakufa, wachache wanaoihimili wanabaki na kuzaliana. Tena bakteria hupeana vinasaba vya usugu, hata na wa aina nyingine. Wiki ya nne E. koli wakishambulia kweli kweli, unaweka dawa ileile na vifo havipungui. Unarudi dukani, unapewa kali zaidi. Ndivyo mtu anavyofika kwenye kolistini.

Hiyo kolistini hospitalini ni dawa ya akiba, inatumika nyingine zikishindwa. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kuwa wamekuta kinasaba cha usugu dhidi yake, mcr-1, kwenye E. koli wa nguruwe, wa nyama sokoni na wa wagonjwa. Mwaka 2017 China ikakataza kuitumia kukuzia mifugo. Umoja wa Ulaya ulishakataza antibaiotiki za kukuzia tangu 2006, na kuku bado wanafugwa huko, tena kibiashara.

Huku kwetu mbolea ya kuku inakwenda kwenye bustani ya mchicha, na anayeshika banda asubuhi ndiye anayepika mchana. E. koli ndio wanaoongoza kusababisha UTI kwa binadamu. Unganisha mwenyewe.

Najua jibu lenu: "Afisa, wewe huna mkopo. Kuku 500 wakifa utanilipa?" Swali halali. Lakini hebu tuulizane wanakufa kwa nini. Mara nyingi naitwa bandani nakuta makopo matatu ya antibaiotiki yameshaisha, kumbe ni mdondo au Gumboro. Hivyo ni virusi, antibaiotiki haiviui hata iwe ya bei gani. Dawa yake ni chanjo kabla havijaingia. TEMEVAC ya mdondo kwa kuku wa asili ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi mitatu.

Na mabanda mengine, jamani, ukiingia tu macho yanawasha kwa amonia. Maranda yameloa, pazia zimefungwa mchana kutwa. Hapo antibaiotiki inatumika badala ya maranda makavu, na maranda ni rahisi zaidi. (Wa mayai nao: trei haziendi sokoni mpaka muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kopo uishe. Hili nitaliandikia siku yake.)

Sisemi usitibu. Kuku mgonjwa wa bakteria atibiwe, kwa dozi kamili na siku zote zilizoelekezwa. Ila ujue unatibu nini. Chukua kuku wawili watatu, wagonjwa au waliokufa muda huohuo, peleka maabara ya TVLA. Zipo Temeke, Arusha, Mwanza, Iringa na kwingineko. Omba waoteshe vimelea na kupima dawa ipi inawaua. Waliokufa wabebe kwenye barafu, usiwagandishe. Na wapeleke kabla hujaanza dawa yoyote, kwa sababu ukishaanza, vimelea huenda visiote na pesa ya kipimo itakuwa imekwenda bure.