Maoni Binafsi Si Kichaka cha Kujifichia

Wapo waumini wanaodhani amri inayokataza ushahidi wa uongo huishia kwenye kioo cha simu. Jumapili humpa jirani mkono wa amani. Jumatatu husambaza mitandaoni matusi dhidi ya kabila lake. Wakiulizwa, hujibu: "Hayo ni maoni yangu binafsi."

Jibu hilo tunalikataa. Neno lililotumwa kwa watu elfu si la binafsi tena. Nchini Kenya, wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007, chuki ilisambazwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Machafuko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 1,100. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto, na ndani yake wamo akina mama na watoto waliokimbilia humo. Hatusemi simu ndiyo iliyowasha kiberiti. Tunasema ilisaidia kuwazoesha watu kumwita jirani adui.

Siasa si dhambi. Tukosoe, tubishane, tupige kura. Lakini maneno ambayo hatuwezi kuyasoma mimbarini, jirani yetu akiwa benchi la mbele, tuyafute kabla hatujayatuma.