Waacheni Watoto Wasome Gazeti

Leo twataka kusema juu ya jambo lililotuletea maneno mengi, na mengine makali. Ni jambo la gazeti shuleni. Sisi waalimu wa dini tunaofundisha pia madarasa ya tano na ya sita hapa Kisangani tumezoea kuleta kipande cha gazeti darasani mara moja kila juma, tukisome pamoja na watoto. Siku moja mkubwa mmoja wa shule aliingia, akavitazama vipande tulivyovibandika ukutani, akavibandua kimoja kimoja, akavikunja mfukoni, akasema: "Shule si soko la habari." Jina lake hatulitaji, wala shule yake. Lakini neno lake tumelisikia tena kwa wazazi, na hata kwa waalimu wenzetu baada ya misa. Basi sharti lijibiwe.

Mkubwa yule twamfahamu shida zake. Ana watoto wengi kuliko madawati. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma, madarasa yamefurika, wala vitabu havikuongezeka kwa kadiri ya watoto. Anaogopa inspekta, anaogopa mtihani wa mwisho wa darasa la sita, tena anaogopa wanasiasa. Walakini hofu tatu hazifanyi sababu moja. Mwenye darasa lisilo na vitabu ndiye mtu wa mwisho kulikataa karatasi lenye maandishi. Ukurasa mmoja wa gazeti ukikatwa vipande vinane, watoto kumi na sita wanasoma wawili wawili kwa wakati mmoja. Kitabu kimoja cha kusoma, je, twakikataje?

Tena msidhani kwamba magazeti yanamwagika hapa kama mvua. Yale ya Kinshasa huja machache kwa ndege, na mtu aliyenunua moja huwapa wenzake kumi walisome. Mara nyingi gazeti laingia nyumbani limefunga makayabo au karanga. Mtoto wa Mangobo au wa Kabondo hukutana nalo mara ya kwanza linanuka samaki. Mama akiisha kulifungua hulitupa motoni. Sisi twaliokota kabla ya moto, hiyo ndiyo hatia yetu.

Tuwasimulie somo moja, maana wanaobishana nasi hawajapata kukaa hata siku moja nyuma ya darasa.

Kipande kilikuwa kimeandikwa kwa Kifaransa, nacho kilieleza hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya La Haye. Wazee wote hapa wanakumbuka siku sita za Juni 2000, tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigania mji usiokuwa wa Rwanda wala wa Uganda, na watu wetu wakafa majumbani mwao. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ile iliamua kwamba Uganda ina daraka kwa mambo iliyoyatenda katika nchi yetu wakati wa vita vile. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja fidia: dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa watu walioumizwa na waliouawa, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, milioni 60 kwa utajiri wa nchi uliochukuliwa. Zilipwe milioni 65 kila mwaka.

Tuliandika hesabu ubaoni. Watoto walijumlisha 225 na 40 na 60, wakaona gazeti halikukosea. Wakagawanya 325 kwa 65, wakapata miaka 5. Haya, mpaka hapo ni hesabu ya darasa la tano kama nyingine zote. Lakini kijana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, mbona mtu aliyepita kwetu alisema kila nyumba itapata dola elfu kumi?" Darasa zima likachangamka, maana mtu yule alikuwa amepita nyumba nyingi, akiandika majina katika daftari, na kila jina kwa malipo. Tukawaambia: msitusadiki sisi, sadikini hesabu. Gawanyeni milioni 225 kwa elfu kumi. Wakapata 22,500. Maana yake nyumba 22,500 zikiisha kulipwa, fedha za watu zimekwisha, na mtu wa Ituri hajapata hata senti, naye ni miongoni mwa walioteswa. Hapo watoto walinyamaza. Walikuwa wamekwisha kuhesabu nyumba za mtaa wao tu.

Kesho yake mama wa yule kijana akaja shuleni, wala hakuja kutushukuru. Alikuwa ametoa fedha, na mwanawe amemwambia mbele ya jirani kwamba ameibiwa. "Mnamfundisha mtoto kuwaita wakubwa waongo," alisema. Tulikaa naye barazani, tukamsomea kipande kile kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mwisho aliuliza swali moja ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumelifikiri: kama mtu yule ametumwa kweli na mfuko wa fidia, ule uitwao FRIVAO wenye makao yake hapa mjini, mbona hakutoa risiti? Tangu siku ile swali la risiti limeingia katika somo letu. Tumelipata kwa mama aliyekuja kutugombeza.

Sasa watuambie: hilo ndilo soko la habari? Soko lilikuwa nje, mtaani, na mwenye duka alikuwa mtu wa daftari. Darasani ndipo mizani ilipokuwa.

Liko jambo zito kuliko fedha. Mwezi wa Oktoba 2024 uvumi ulienea katika jimbo letu la Tshopo kwamba wako watu wanaowapotezea wanaume viungo vyao vya uzazi kwa kuwagusa tu. Twaomba radhi kwa wasomaji kulitaja jambo hili, lakini watoto wetu walilijua kabla yetu, kwa simu. Watu waliuawa kwa uvumi ule. Miongoni mwao walikuwamo watumishi waliokwenda vijijini kwa uchunguzi wa mambo ya chanjo. Walifika na karatasi zao na maswali yao, wakadhaniwa kuwa ndio waletao ubaya.

Katika juma lile tuliacha somo lililopangwa. Tuliandika ubaoni ujumbe mmoja wa simu uliokuwa ukipita mitaani, na kando yake habari ya Radio Okapi iliyoandikwa juu ya mambo yale yale. Tukawauliza watoto maneno matatu tu: Nani amesema? Aliona mwenyewe? Nani ameulizwa wa upande wa pili? Ujumbe wa simu haukuwa na jina, wala mahali, wala siku. Habari ile nyingine ilikuwa navyo, na mganga alikuwa ameulizwa. Kijana mmoja alishika sana kwamba kaka yake ameona kwa macho. Tukamwambia akamwulize tena. Alirudi kesho yake amepoa: kaka hakuona, alisikia kwa mtu wa toleka aliyempakia baiskelini, na mtu wa toleka alisikia kwa abiria.

Hatusemi kwamba kipande cha gazeti kingaliwaokoa wale waliokufa. Twasema kwamba katika makundi yale yaliyoshika fimbo na mawe walikuwamo vijana waliopita shule. Walijua kusoma. Walisoma ule ujumbe wa simu vizuri, bila kukosea hata herufi, wakausadiki. Basi shule iliyowafundisha herufi bila kuwafundisha kuuliza "nani amesema?" ina deni, na deni hilo twalidaiwa sisi waalimu kwanza.

Wengine husema: gazeti ni siasa, na siasa isiingie shuleni. Kijana mmoja alifanya kazi ya posta katika mji huu ulipoitwa Stanleyville. Shule alisoma kidogo, nyingine akajisomesha mwenyewe kwa vitabu na magazeti, kisha akawa mwandishi wa makala katika La Croix du Congo, gazeti la Wakatoliki, na katika La Voix du Congolais. Jina lake Patrice Lumumba. Watu wasifu au walaumu siasa yake, hilo si shauri letu leo. Lakini kumbukumbu yake twaiadhimisha kila mwaka, na njia aliyopita kujielimisha twawafungia watoto wetu!

Na kama mfano wa Lumumba unawatisha, tuwape wa padri. Don Lorenzo Milani alipelekwa mwaka 1954 katika parokia ndogo ya milimani, Barbiana, karibu na Firenze huko Italia. Watoto wa wakulima walikuwa wamefukuzwa shuleni kama wapumbavu. Yeye aliwafungulia shule, na kila siku walisoma gazeti pamoja, neno kwa neno, wala hawakuliruka neno lisiloeleweka. Mwaka 1965 walisoma kipande cha gazeti ambamo mapadri wa jeshi waliwaita waoga wale wanaokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri. Padri aliandika jibu, akashtakiwa mahakamani. Februari 1966 aliachiliwa, na mwaka uliofuata akafa kwa ugonjwa. Zamani wakubwa wengine walimwona mtu wa fujo. Lakini tarehe 20 Juni 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Barbiana kusali penye kaburi lake. Sisi si Milani, la hasha. Lakini mkubwa wetu asituambie kwamba gazeti darasani ni jambo lisilofaa katika shule ya Kikatoliki. Na asome Inter Mirifica, ile hati ya Mtaguso ya tarehe 4 Desemba 1963, palipoandikwa kwamba vijana wafundishwe kutumia vyombo vya habari, na shule za Kikatoliki zimetajwa wazi.

Wala si jambo geni kwa wasemao Kiswahili. Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo katika Januari 1923, likasomwa shuleni na barazani. Mwaka 1974 Mwanza ilitoa Elimu Haina Mwisho, gazeti la watu wazima waliotoka tu kujua kusoma, wasije wakasahau. Jirani zetu waliona zamani kwamba ajuaye kusoma bila kitu cha kusoma husahau. Sisi tungali tukibishana.

Wako wenye akili wanaosema: magazeti yenyewe husema uongo, na mwandishi hulipwa na yule anayeandikwa. Ni kweli. Desturi ile iitwayo coupage twaijua, na gazeti la mtu aliyelipa hutambulika upesi, maana bwana yule hakosi hata mara moja. Lakini ndiyo sababu ya kulisoma na mwalimu kuliko kulisoma peke yako. Hapo tuungame kosa letu. Mwanzoni tulibandika gazeti la upande mmoja tu, kwa kuwa ndilo tulilopewa. Baba mmoja alitulalamikia, naye alikuwa na haki. Sasa hatusomi jambo la serikali ila tukipata magazeti mawili yasiyopatana. Tukikosa la pili, twasoma bei za soko au habari za mto.

Juu ya simu hatuna maneno mengi. Husema: watoto wana simu, gazeti la nini? Simu ni ya kaka, ina chaji leo, kesho haina, na ujumbe ukifutwa hauonekani tena. Karatasi hukaa ukutani mpaka tuirudie. Na Kifaransa cha gazeti si kizuizi. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi shuleni, na kukigeuza kipande kwa Kiswahili, na kwa Lingala kwa ajili ya wale wanaoisema nyumbani, ni kazi inayowanoa watoto kuliko imla tatu.

Na mtihani? Mtihani wauliza kusoma, kuandika na hesabu. Tumekwisha kueleza watoto walifanya nini na ile 325.

Kwa hiyo twamwomba yule mkubwa aturudishie vipande vyetu. Kama amevitupa, si kitu, atuachie ukuta. Watoto wa darasa la sita wameanza kuandika gazeti lao wenyewe kwa mkono, ukurasa mmoja kila juma mbili, na sharti lao ni kwamba hakuna habari bila jina la mtu aliyeulizwa. Toleo la kwanza lilihusu kisima cha shule kilichoharibika. Walimwuliza fundi, walimwuliza mlinzi. Direkta walimwuliza pia, akacheka, akajibu, na jibu lake limeandikwa.

Na ninyi wazazi, msichome magazeti. Sanduku liko mlangoni pa sakristia tangu Jumapili iliyopita. Hata yale yaliyofunga makayabo twayapokea, ila tafadhali yaanikeni juani kwanza.