Gawio la Haverty's lilizidi faida: Je, hisa ya duka la sofa bado inalipa?

Haverty's, kampuni ya Marekani inayouza sofa, vitanda na meza za kulia chakula, imelipa gawio kila mwaka tangu 1935. Si mchezo. Lakini mwaka 2024 kulitokea jambo ambalo mwenye hisa hapaswi kulipita hivihivi: gawio lilikuwa kubwa kuliko faida.

Hesabu ni fupi. Kila hisa ya kawaida ilipata gawio la dola 1.26. Faida kwa kila hisa ilikuwa dola 1.19. Senti saba za juu hazikutoka kwenye faida ya mwaka huo. Zilitoka wapi, na zitaendelea kutoka mpaka lini?

Swali hili linawafikia hata watu wa Nairobi na Dar es Salaam. Siku hizi hisa za New York zinanunuliwa kwa simu, na wengi huanza kwa kuangalia nani analipa gawio nono.

Asilimia inayovutia macho

Mwishoni mwa 2024 hisa ya Haverty's ilikuwa inauzwa dola 22 hivi. Gawio la kila robo mwaka lilikuwa limefika senti 32, sawa na dola 1.28 kwa mwaka. Gawanya, unapata karibu asilimia 5.8. Tamu hiyo.

Sasa rudi nyuma kidogo. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita dola 40. Kwa bei ya dola 40, gawio la dola 1.28 ni asilimia 3.2 tu. Yaani asilimia imenona kwa sababu bei imekonda. Aliyenunua kwa dola 40 amepokea gawio, sawa, lakini mtaji wake umekatika karibu nusu.

Kwa nini sofa haziendi

Watu wengi hununua samani wanapohama, na Wamarekani wameacha kuhama. Benki Kuu yao ilipandisha riba hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 mwaka 2023, na Oktoba mwaka huo riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ikakaribia asilimia 8. Mtu aliyekopa zamani kwa asilimia 3 ataiuza nyumba yake akanunue nyingine kwa riba hiyo? Thubutu.

Mwaka 2024 ziliuzwa nyumba za mkono wa pili takriban milioni 4.06, idadi ndogo kabisa tangu 1995.

Duka la sofa lililisikia hilo mara moja. Mauzo ya Haverty's yalikuwa dola bilioni 1.05 mwaka 2022, yakashuka hadi milioni 862 mwaka 2023, kisha milioni 723 mwaka 2024. Faida halisi ilianguka vibaya zaidi: kutoka dola milioni 89 mwaka 2022 hadi milioni 20 mwaka 2024. Wateja wakipungua, pango la maduka, mishahara na matangazo havipungui kwa kasi hiyo.

Pesa ya gawio ilitoka wapi

Hapa kuna habari njema kidogo. Faida na pesa taslimu si kitu kimoja. Kwenye faida hukatwa uchakavu wa majengo na magari, ingawa hakuna pesa inayotoka mfukoni kwa ajili hiyo mwaka huo.

Mwaka 2024 biashara iliingiza pesa taslimu takriban dola milioni 59. Kama milioni 32 ziliwekezwa tena kwenye maduka na mali nyingine, zikabaki milioni 27. Gawio likachukua milioni 20, na kununua tena hisa zake yenyewe kukachukua kama milioni 5. Kwa hiyo gawio lililipika, ila kilichobaki ni kiduchu.

Nguvu yake nyingine ni kwamba haina deni la benki, na ilimaliza mwaka na takriban dola milioni 120 taslimu. Lakini usizihesabu zote kuwa za wanahisa. Wateja wa samani hulipa malipo ya awali kabla ya mzigo kufika, kwa hiyo sehemu ya pesa hiyo ni ya mtu anayesubiri sofa yake.

"Kila mwaka" si "kiasi kilekile"

Rekodi ya tangu 1935 inamaanisha gawio halijakosekana. Haimaanishi halijawahi kupunguzwa. Wakati wa msukosuko wa 2008 na 2009 lilikatwa sana.

Hata gawio maalum, lile la juu ya la kawaida, linasimulia habari hiyohiyo: dola 2 mwaka 2020, dola 2 mwaka 2021, dola 1 mwaka 2022, dola 1 mwaka 2023. Mwaka 2024, hakuna. Tena mwaka 2020 kampuni iliuza maghala yake kwa dola milioni 70 kisha ikayapanga. Pesa ya namna hiyo huingia mara moja, lakini pango hulipwa miaka yote.

Kwa mwekezaji wa kwetu

Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo gawio hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Kwenye hisa 100, dola 126 za mwaka 2024 zinabaki dola 88.20. Ile asilimia 5.8 inakuwa kama 4.1. Kwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la Dar es Salaam, kodi ni asilimia 5, na mkazi wa Kenya anayepokea gawio la kampuni ya nyumbani hukatwa asilimia 5 pia.

Kwa hiyo, kama unatafuta gawio tu, hisa hii haikufai sana. Inamfaa anayeamini kwamba riba itashuka, Wamarekani watahama tena na bei ya hisa itapanda, huku gawio likimpoza akisubiri.

Ukiinunua, usikodolee macho asilimia. Kila robo mwaka angalia mambo matatu: mauzo ya maduka yaliyopo yanapanda au yanashuka, biashara inaingiza pesa taslimu kiasi gani, na akiba inapungua kwa kasi gani. Akiba ikianza kuyeyuka ili gawio lisiguswe, ujue unarudishiwa hela yako mwenyewe, tena ikiwa imekatwa kodi.